Kabla ya kopo la rangi, joto lipimwe

Jiko la kuchomea nyama linapotoka kwa fundi huwa linapendeza macho. Limeundwa kwa bati jipya la zinki, kingo zimekunjwa sawasawa, miguu imechomelewa, na mwili mzima umepakwa rangi nyeusi ambayo bado inanuka thina. Mwenye kibanda analipa, analipakia kwenye mkokoteni, na jioni analitia mkaa. Haipiti saa moja, rangi imetutumka malengelenge. Wiki ya pili inabanduka kama magamba ya samaki, na chini yake bati limepauka na kuanza kuchubuka. Lawama zote humwendea muuza rangi: ilichakachuliwa, ilizimuliwa mno, ilipakwa mkono mmoja badala ya miwili.

Mara nyingi rangi haina kosa. Kosa lilitendeka kabla kopo halijafunguliwa, pale bati la zinki lilipochaguliwa likae karibu na makaa. Rangi haiwezi kulipatia bati hilo uwezo ambao zinki yenyewe haina, na kuendelea kuisaka rangi ya namna hiyo kunawagharimu wanunuzi fedha na kuwagharimu mafundi mapafu. Swali la kwanza kwa kila anayetaka kupaka rangi bati la zinki linapaswa kuwa moja: litapata joto kiasi gani?

Bati hili lina historia ndefu. Mwaka 1829 mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la mawimbi jijini London. Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel naye akapata hataza ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa. Vumbuzi hizo mbili zilipokutana, dunia ikapata paa jepesi lisilooza wala kuliwa na mchwa, na leo si rahisi kuvuka mtaa wowote wa Afrika Mashariki bila kuliona.

Zinki hukilinda chuma kwa njia mbili. Kwanza hukiziba kisiguswe na maji na hewa. Pili, bati likikwaruzwa na chuma kikabaki wazi, zinki iliyo jirani hujitoa mhanga, ikaliwa yenyewe kabla kutu haijakigusa chuma. Kazi hiyo yote hufanywa na koti jembamba ajabu. Bati lenye gramu 275 za zinki kwa mita ya mraba, zikihesabiwa pande zote mbili, lina koti la takriban sehemu 20 za elfu za milimita kwa kila upande. Unywele wa mtu ni mnene kuliko koti hilo.

Koti hilo lina mpaka wake wa joto. Zinki huyeyuka ikifika takriban nyuzijoto 419 za Selsiasi, lakini matatizo huanza mapema zaidi. Wataalamu wa uchovyaji zinki hushauri chuma chenye koti hili kisikae mfululizo kwenye joto linalozidi nyuzijoto 200. Likipita hapo kwa muda mrefu, atomu za zinki huendelea kuhamia kwenye tabaka la chini, lile ambalo zinki na chuma vimechanganyika. Huacha nyuma yake vitundu vidogo, vitundu hivyo huungana, na tabaka la juu la zinki hujitenga na kumenyuka. Rangi iliyopakwa juu yake haina budi kuondoka nalo, hata iwe bora namna gani, kwa kuwa ilishika kitu ambacho chenyewe hakikushika.

Ulinganisho wa jikoni unatosha kuonyesha ukubwa wa tofauti. Mafuta ya kukaangia chipsi hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 170 hadi 180. Makaa mekundu yaliyo chini ya karai la mafuta hayo huzidi 600, na yakipulizwa hupanda zaidi. Bati linaloyagusa makaa hayo limeshavuka mpaka wa zinki mara tatu.

Hapo ndipo suala linapotoka kwenye urembo na kuingia kwenye afya. Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kikifika nyuzijoto mia tano na kitu, na kwenye joto hilo zinki iliyoyeyuka tayari inatoa mvuke. Zinki huchemka kwa nyuzijoto 907, kiwango ambacho mwako wa mashine ya kuchomelea hukipita mbali sana. Mvuke huo ukikutana na hewa huungua na kuwa moshi mweupe, na unga wake huonekana wa njano ukiwa wa moto, kisha mweupe ukipoa. Wanaalkemia wa Ulaya waliuita sufu ya wanafalsafa kwa jinsi ulivyoelea kama manyoya. Kila aliyewahi kuchomelea bomba la galvanaizi ameuona moshi huo, na wengi wameuvuta.

Madhara yake hayaji papo hapo, na ndiyo maana hupuuzwa. Fundi hufunga kazi salama, akarudi nyumbani, na baada ya saa nne hadi kumi ndipo mwili huanza kumgeuka: ladha ya chuma mdomoni, koo kukauka, kikohozi, baridi inayotetemesha, homa, maumivu ya misuli na kichwa. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya siku moja au mbili. Madaktari wanaiita homa ya moshi wa metali. Katika Uingereza ya karne ya 19 iliwashika wasubuji wa shaba iliyochanganywa na zinki, na watu waliiita kwa neno lilelile walilolitumia kwa homa za vipindi kama malaria. Katika nchi ambako malaria ni jambo la kila msimu, fundi anayetetemeka usiku ana kila sababu ya kudhani ameumwa na mbu. Atameza dawa, kesho kutwa atapata nafuu, na moshi utakuwa umepona lawama.

Kuna jambo jingine linalomlaghai fundi. Mwili huuzoea moshi huu kwa siku chache na kuupoteza uzoefu huo haraka akipumzika. Anayechomelea Jumatatu hadi Jumamosi anaweza kuugua siku ya kwanza tu, akajiona ameshakuwa sugu, kisha Jumatatu inayofuata akaanza upya. Ugonjwa huu umewahi kuitwa homa ya Jumatatu kwa sababu hiyo. Imani kwamba maziwa huzuia sumu ya kuchomelea imeenea miongoni mwa mafundi sehemu nyingi za dunia, lakini maziwa huenda tumboni na moshi huenda kwenye mapafu. Kinga ya kweli ni kuiondoa zinki sentimita kadhaa kila upande wa mahali pa kuchomelea, kufanya kazi mahali penye upepo huku moshi ukipelekwa mbali na uso, na kuvaa barakoa ya kuchuja moshi wa metali. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo kiasi hicho.

Kukwangua au kuunguza rangi ya zamani kuna hatari yake pia. Mabati chakavu na mapipa yanayogeuzwa majiko huja na rangi ambazo hakuna anayejua zilitengenezwa lini wala zina nini. Rangi yenye risasi ikiunguzwa hutoa risasi hewani, na mtoto anayecheza karibu na karakana huivuta sawa na baba yake. Mapipa yaliyobeba kemikali hayafai kabisa kugeuzwa chombo cha kupikia.

Sasa inafaa kurudi kwenye kopo. Hata pasipokuwa na moto, zinki na rangi ya mafuta ya kawaida hazipatani. Zinki ikipata unyevu hutengeneza magadi mepesi juu yake, na magadi yakikutana na mafuta yaliyomo kwenye rangi hiyo huyageuza sabuni. Ni jambo lilelile analolifanya mtengeneza sabuni wa Kigoma anapochanganya mawese na kostiki, isipokuwa hapa linatendeka polepole, kwenye utando usioonekana kati ya bati na rangi. Miezi kadhaa baadaye rangi hubanduka vipande vizima, na mgongo wa kila kipande ni safi, kana kwamba haikuwahi kushika. Joto huharakisha mabadiliko hayo, na juu ya nyuzijoto mia moja na kidogo rangi ya mafuta huanza kugeuka rangi na kukauka kupita kiasi hata ikiwa kwenye chuma kinachoifaa.

Mnunuzi mwerevu atajibu kwamba zipo rangi za moto, zile zinazopakwa ekzosi za magari na majiko ya chuma, zilizoandikwa nyuzijoto 600. Zipo kweli. Nyingi zimetengenezwa kwa silikoni na unga wa alumini au rangi nyeusi isiyoungua, na zinafanya kazi yake. Lakini zilikusudiwa chuma kitupu kilichosuguliwa hadi kung'aa. Tena nyingi hazikomai kwa kukauka peke yake: lazima ziivishwe kwa joto la takriban nyuzijoto 200 ndipo zishike. Nyuzijoto 200 ndio mpaka wa zinki. Kwa hiyo kabla rangi haijakomaa, bati lililo chini yake limeshafika mwisho wa uwezo wake. Namba iliyo kwenye kopo inaeleza uwezo wa rangi. Juu ya chuma kilicho chini haisemi lolote, na hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha zao.

Afrika Mashariki ina jibu bora, na ililipata miaka mingi iliyopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wabunifu nchini Kenya, wakishirikiana na mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, waliliunda jiko lililokuja kujulikana dunia nzima, lenye mwili wa bati uliobana kiunoni na kikombe cha udongo uliochomwa ndani yake. Wazo la kikombe lilichotwa kutoka Thailand, umbo likarekebishwa lifae sufuria na mapishi ya hapa, na mafundi wa Shauri Moyo jijini Nairobi wakalizalisha kwa nyundo na mikono yao. Lilisifiwa kwa kupunguza matumizi ya mkaa, na sifa hiyo ni ya haki. Sifa yake nyingine hutajwa mara chache: udongo hukaa kati ya makaa na bati. Moto haugusi metali, mwili wa nje haufiki karibu na joto la makaa, na mtoto akiugusa kwa bahati mbaya haungui kama angeligusa jiko la bati tupu.

Waliolibuni jiko hilo walilitatua tatizo la joto kwa umbo na udongo, na rangi ikabaki kuwa pambo la nje. Mpangilio huo unafaa kufuatwa katika kila kitu kinachokaribiana na moto. Jiko la kuchomea nyama litengenezwe kwa chuma cheusi kinene, au liwekewe udongo au matofali ya kuhimili moto mahali makaa yanapokaa. Dohani ya jiko la kuni shuleni au kwenye tanuri ya mikate iwe ya chuma cheusi au chuma kisichoshika kutu, hasa kipande cha kwanza kinachotoka jikoni, ambacho hupata joto kali kuliko vyote. Wavu wa kuchomea mishikaki usiwe na zinki hata kidogo. Mbali na moto, ndimu na siki huiyeyusha zinki, na ikiingia tumboni kwa wingi husababisha kichefuchefu na kutapika.

Juu ya chuma cheusi, rangi ya moto ina nafasi yake. Chuma husuguliwa kwa msasa au brashi ya waya mpaka kutu yote iishe, hufutwa kwa thina, kisha hupakwa mikono miwili myembamba. Rangi nzito hututumka. Moto wa kwanza huwashwa nje, mdogo, ukaongezwa taratibu, bila chakula juu yake, kwa sababu rangi inapoiva hutoa moshi. Thina na rangi mbichi hushika moto upesi, hivyo jiko haliwashwi kabla halijakauka barabara, na kopo halikai karibu.

Kuna bati la aina nyingine linalofanana na la zinki kwa macho, lenye koti la mchanganyiko wa alumini asilimia 55 na zinki inayopungua kidogo asilimia 44, pamoja na silikoni kidogo. Hilo huvumilia takriban nyuzijoto 315. Linafaa zaidi kwa vifuniko na mifereji ya hewa ya moto juu ya majiko, lakini nalo si la kukaa kwenye makaa. Muuzaji wa mabati anapaswa kujua anauza lipi, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa.

Hayo yote hayana maana kwamba bati la zinki lisipakwe rangi. Liko joto ambalo linaliweza bila shida, nalo ni joto la jua. Paa jeusi mchana wa kiangazi linaweza kufika nyuzijoto 70 au zaidi, ambazo hazijafika hata nusu ya mpaka wa zinki. Paa, geti, tangi la maji na banda la jenereta vinaweza kupakwa rangi ikadumu miaka, na rangi nyeupe au hafifu kwenye paa huakisi jua na kupunguza joto ndani ya nyumba. Kinachotakiwa ni kuifanya kazi kwa mpangilio.

Bati jipya hutoka kiwandani na utando wa mafuta au kemikali ya kulikinga lisipauke ghalani. Utando huo huondolewa kwa maji na sabuni isiyo kali, bati likasuuzwa na kukaushwa. Mafuta ya taa hayafai kwa usafi huu, kwa kuwa huacha mafuta mengine. Unga mweupe unaojitokeza kwenye mabati yaliyorundikwa yakiwa na maji husuguliwa kwa brashi ngumu ya nailoni. Msasa laini hupitishwa juu juu ili rangi ipate pa kushika, bila kuikwangua zinki yenyewe. Kisha hupakwa praima iliyoandikwa kwamba ni ya mabati ya zinki, na juu yake rangi ya maji ya akriliki. Kazi hufanywa asubuhi umande ukishakauka au alasiri jua likipungua, maana rangi inayopakwa juu ya bati la moto hukauka kabla haijajitandaza. Bati lililokaa juani na mvuani zaidi ya mwaka mmoja hushika rangi vizuri kuliko jipya, mradi lisafishwe.

Ushikaji hupimika kwa senti chache. Sehemu ndogo hupakwa, ikakauka kabisa, ikakatwa kwa wembe mistari ya kukingamana kama bao la drafti, ikabandikwa selotepu na kuvutwa kwa nguvu. Vyumba vikibaki mahali pake, paa zima linaweza kupakwa. Vikitoka na selotepu, mwenye nyumba ameokoa gharama ya makopo mengi. Na anayekinga maji ya mvua kutoka paani anunue rangi yenye uthibitisho kwamba haina risasi, kwa kuwa kila tone analokunywa limepita juu yake. Kiwango cha juu cha risasi katika rangi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni sehemu 90 kwa milioni.

Fundi naye ana utetezi wenye uzito. Bati la zinki linapatikana kila duka, linakunjika kwa nyundo, na ni jepesi kubeba. Chuma cheusi kinene ni ghali na kinataka mashine. Wateja wanaokuja Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam hupenda kinachong'aa, na fundi anayeuza jiko zito lisilo na nakshi kwa bei ya juu anaweza kushinda kutwa bila mteja. Kumtupia lawama yeye peke yake ni kumwonea.

Kwa hiyo mzigo ugawanywe. Watengenezaji wa rangi waandike kwenye kopo, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, mambo matatu: rangi hii ni ya metali gani, inavumilia joto gani, na je, inafaa juu ya zinki. Mashirika ya viwango, TBS nchini Tanzania na KEBS nchini Kenya, yanaweza kulifanya hilo kuwa sharti. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vya VETA nchini Tanzania, vimfundishe kila mchomeleaji homa ya moshi wa metali ni nini kabla hajashika mashine, na vituo vya afya vilivyo jirani na karakana vimuulize mgonjwa mwenye homa jana alichomelea nini. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Mpaka wakati huo mamilioni ya watu wataendelea kupikia mkaa na kuni, na majiko yao yanastahili usimamizi kama bidhaa nyingine yoyote.

Yale majiko ya bati ambayo tayari yako vibandani hayahitaji kopo jipya. Yanaweza kurudishwa kwa fundi yakatiwa kikombe cha udongo uliochomwa, makaa yakakaa humo, na bati likabaki kuwa ganda la nje. Yasiyoweza kutiwa udongo yawashwe nje tu, mbali na watoto na pasipo na dari juu, mpaka mwenye kibanda apate fedha ya kununua la chuma cheusi.